Kahawa ya Mlango Uliofungwa: Wasifu wa Marehemu Zenebech Wondimu

Marehemu Zenebech Wondimu, tunayemzika leo Jumapili tarehe 24 Yekatit 2016 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, kwa miaka kumi na saba hakumwanza mtu salamu barabarani. Tuanze na hilo. Wengi wenu mlioketi kwenye viti hivi vya chama cha kufa na kuzikana ndilo mlilokuja nalo moyoni, na si vizuri kumsomea marehemu sifa huku watu wanagunia kwenye mitandio. Maneno haya yameandikwa na Tiringo, mdogo wake wa mwisho, ambaye mnamjua hana subira wala hajui kupamba. Mtamvumilia. Kifo marehemu hakukiogopa sana. Alichoogopa ni kuzikwa na mji mzima huku pasiwe na mtu hata mmoja atakayesema hadharani, huyu nilimjua. Na kama hofu hiyo itatimia ama haitatimia, bado haijulikani. Iko mikononi mwa watu waliomo humu.

Etiye, kama sisi wadogo zake tulivyomwita kwa kuwa ndiye dada mkubwa, alizaliwa Debre Birhan tarehe 12 Hidar 1950, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mtoto wa kwanza wa baba yetu, Ato Wondimu Tekle, na mama yetu, Weyzero Yeshi Gebre. Baba yetu alikuwa mtu wa simu. Enzi zile hupigi simu moja kwa moja. Unamwambia Wondimu, Wondimu anachomeka waya, ndipo unasikia sauti ya umtakaye. Aliyeposa, aliyekataliwa, aliyefilisika, aliyefiwa, baba alijua kabla ya majirani na wakati mwingine kabla ya mwenyewe. Na mdomo wake ulikuwa kaburi. Siku moja ya soko mama mmoja alimzuia njiani, Etiye akiwa ameshika pindo la koti la baba.

"Wondimu, hebu nong'ona tu. Yule kijana wa Dessie alimwambia nini binti yangu jana?"

"Kijana gani, mama?"

"Usinichezee. Si wewe uliyewaunganisha?"

"Mimi naunganisha waya. Yanayopita humo si mali yangu."

Walipofika nyumbani Etiye akamuuliza, "Baba, kwani hukusikia?" Baba akasema alisikia, tena vizuri. "Sasa mbona umemdanganya?" Baba akavua koti, akalitundika, akamwambia hajamdanganya mtu, amesema tu kwamba si mali yake. Mama yetu, ambaye naye alikuwa anatamani sana kujua kijana wa Dessie alisema nini, alilala amenuna. Etiye aliyashika maneno hayo kuliko alivyoyashika ya shuleni.

Na shuleni hakuwa mchezo. Alisoma darasa la kwanza hadi la nane palepale Debre Birhan, kisha akapelekwa Addis Ababa kwa shangazi kumalizia sekondari. Mwaka 1967, wanafunzi walipotawanywa vijijini kufundisha wakulima kusoma, yeye alipangiwa upande wa Arba Minch. Darasani kwake kulikuwa na mkuu wa kijiji, mtu mzima mwenye sauti ya radi, ambaye kila siku alikaa nyuma na hakufungua kinywa. Wenzake Etiye wakasema huyu mzee ana kichwa kigumu. Etiye akamvizia shambani kwake, kwenye migomba, akamuuliza swali moja tu: "Baba, ukikosea herufi mbele ya watu wako, unaogopa nini?" Mzee akamtazama weee, kisha akasema, "Wataacha kusimama nikiingia."

Tangu siku hiyo akamfundisha peke yake migombani, mbali na macho ya watu, na darasani wakawa kama hawajuani. Msimu ulipokwisha mzee alisimama mkutanoni akasoma tangazo zima bila kukwama. Kijiji kikapiga makofi. Etiye alikaa nyuma, mikono mapajani, hakupiga. Alipotusimulia miaka mingi baadaye alisema yule ndiye mteja wake wa kwanza, na jina lake hakulitaja mpaka anakufa.

Chuo kikuu alihitimu mwaka 1974 katika uongozi wa biashara, akaajiriwa na kampuni ya bima upande wa wafanyakazi, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa idara hiyo mwaka 1988. Huko ndiko alikoona jambo ambalo wengine tulikuwa tunalionea wivu, yeye akalionea huruma. Alikuwa anasema: "Mtu akipandishwa cheo anapewa kiti, gari na karani. Halafu marafiki zake wote wananyang'anywa kimyakimya, na hakuna barua inayoandikwa kumjulisha." Kwetu anayekula na mwenzake humkatia tonge akamlisha kwa mkono wake, ndiyo heshima, ndiyo mapenzi. Bosi halishwi. Analetewa sinia lake ofisini, mlango unafungwa, anakula huku anasoma makaratasi. Etiye aliwahi kumfuma mkurugenzi wa kampuni nyingine, mtu anayetetemesha watu, amekaa garini kwake mchana, anakula ndizi, kwa sababu kule kwenye meza ya wafanyakazi aliposogea walisimama wote na mazungumzo yakafa.

Basi mwaka 1999 aliacha kazi yenye mshahara na gari, akaenda Nairobi kusomea kuwalea viongozi kazini. Aliporudi tukafanya karamu, jirani yetu Weyzero Bafena akauliza cheti hicho ni cha nini hasa.

"Ni cha ukocha," Etiye akasema.

"Kocha? Wa timu gani?"

"Si wa mpira, Bafena. Wa wakubwa. Wenye maofisi."

"Wenye maofisi wanakimbizwa uwanjani?"

"Nakaa nao, nawauliza maswali mpaka waone njia yao wenyewe."

Bafena akatafuna mkate wake wa injera, akawaza, akasema, "Kwa hiyo jibu hulijui, na wao hawalijui, halafu wanakulipa." Tulicheka sana siku ile. Ndiyo karamu ya mwisho Etiye aliyocheka na majirani zake wote kwa pamoja, na wakati ule hakuna aliyejua kama ni ya mwisho.

Kwa sababu kutoka Nairobi alirudi na cheti na sharti. Sharti lenyewe ni hili: mwenye siri ni mteja. Ukikutana naye mahali, asipokuanza yeye, wewe hukumjua. Huko alikolitoa huenda halimuumizi mtu, wana haraka zao. Lakini hapa? Hapa mtu anainuka kitini kwa ajili ya salamu. Unabusu shavu hili, unabusu lile, unarudia la kwanza, unauliza mama, unauliza watoto, unauliza ng'ombe wa mjomba aliyeko kijijini, na teksi inasubiri. Asiyesalimu hapa si mtu mwenye haraka. Ni adui, au ana kiburi, na kiburi ndicho kibaya zaidi.

Tiringo aligombana naye juu ya hilo mara nyingi.

"Wasalimu wengine, Etiye. Waruke hao wateja wako peke yao."

"Nikiwasalimu watu wote kanisani nikamruka mmoja, si nimeshamtaja?"

"Nani atahesabu?"

"Mji huu? Mji huu wote unahesabu."

Na ni kweli, tunahesabu. Basi Etiye akaona njia ni moja, asimwanze mtu yeyote: awe mteja, awe jirani, awe padri. Ukimwanza wewe, alikuitikia kwa moyo wote, atakushika mikono miwili, atakuuliza mpaka jino lililokuuma mwaka jana. Lakini nani atamwanza mtu ambaye hamwanzi? Mwaka wa kwanza watu walimwanza. Wa pili wakapungua. Baadaye akawa anapita na mtandio wake mweupe kutoka kanisani mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Gulele hapa Addis Ababa, mwanamke wa makamo peke yake, na watu wanageuka kutazama duka.

Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, chumba cha uani chenye mlango wa nyuma, maana ofisini kuna walinzi na makarani wenye macho. Hakutumia saa ya ukutani. Alipima kwa kahawa. Mteja akiingia alikuta buni mbichi kikaangoni. Etiye akakaanga, akatwanga, akachemsha, na muda wote huo huyo bwana mkubwa hana la kufanya ila kunusa na kutulia. Mzunguko wa kwanza wa vikombe ni wa kulalamika: bodi, serikali, wafanyakazi wavivu, umeme. Etiye alimwachia alalamike atakavyo. Wa pili ni wa maswali. Wa tatu, kahawa ikiwa imeshakuwa nyepesi, mteja alitakiwa ataje jambo moja atakalolifanya kesho asubuhi, jambo dogo, la mikono na miguu. "Usiniambie utabadilika," alikuwa anasema. "Niambie kesho utaketi wapi wakati wa kula."

Hayo ya humo ndani tumeyajua kwa mtu mmoja tu aliyekubali yasemwe, naye tutamfikia.

Sasa fikirini. Kwetu kahawa hainywewi peke yake. Ukikaanga, harufu ndiyo mwaliko, na jirani asipoitwa ana haki ya kuuliza kulikoni. Nyumba ya Etiye ilinukia kahawa asubuhi na alasiri, na mlango wa mbele umefungwa. Weyzero Bafena, ambaye ukuta wake na wa Etiye ni mmoja, aliteseka na harufu hiyo kuliko wote. Siku moja akachukua bakuli la shayiri ya kukaanga, akaja akagonga.

"Leo nimejialika," akasema. "Sikuitwa, nimekuja."

Etiye alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nyuma yake, chumba cha uani, kulikuwa na mtu ambaye sura yake Bafena angeijua kutoka kwenye runinga. "Kesho, Bafena. Nakuomba, kesho."

"Kwani leo una nani humo?"

"Kesho."

Bafena akarudi na shayiri yake. Akina mama wa mtaa wakaambiwa Zenebech anakunywa kahawa na mashetani, maana kama ni watu, mbona hawaonekani wakiingia? Kesho yake Etiye alikaanga buni kweli, akafungua mlango wa mbele wazi kabisa, akatandika majani mabichi sakafuni, akapanga vikombe vya mtaa mzima. Hakuna aliyekuja. Tiringo alipopita jioni alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya vikombe vilivyojaa, kahawa imepoa, naye ameshakunywa mzunguko wake wa kwanza peke yake. Akasema, "Wana haki," akaanza kuosha vyombo. Alirudia Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, kisha akaacha. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewafundisha wakubwa wa mji huu jinsi ya kurudi mezani pa watu, meza yake mwenyewe ilikuwa tupu.

Tulitakiwa tuwe tumeshataja ndoa, lakini mwandishi ni yule asiyejua kupamba, na kupanga pia hajui. Etiye alifunga ndoa na Ato Mekbib Asfaw, mwalimu wa hesabu, mwezi wa Tir 1976, na mwaka 1979 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Ermiyas. Mekbib alikuwa mtu wa utani. Wateja walipoanza kuja, kila saa ya kahawa yeye alivaa kofia akatoka. Mtaa mzima ulimwona kwenye kibanda cha pale kona na kikombe cha kununua. Wakimuuliza alisema, "Mke wangu ana kahawa ya wakubwa wote wa nchi, mimi nimebaki na ya senti." Watu walicheka, yeye akacheka, na hakuna siku aliyomuuliza mkewe leo alikuja nani. Walipokula jioni alimkatia tonge la kwanza, kubwa kupita kiasi kwa makusudi, akamlisha mpaka mashavu yakamtuna. Hilo lilimtosha Etiye. Kwa miaka minane ya kazi ile, Mekbib peke yake alikuwa mtaa wake, kanisa lake na soga yake.

Mekbib alifariki ghafla, moyo, tarehe 3 Ginbot 2007. Chama kikatandaza turubai hili hili, kwa sababu Etiye hakuwahi kukosa kutoa fungu lake la chama, wala kukosa msiba wa mtu, ingawa alikaa nyuma kabisa na watu walisema hata kwenye misiba analeta kiburi. Siku ya pili ya matanga akaingia bwana mmoja mwenye koti la kijivu. (Rangi ya koti imebadilishwa hapa, kwa hiyo msianze kukaguana makoti.) Aliketi upande wa wanaume, akapewa nafaka ya kuchemsha, hakula. Alikuwa analia, machozi ya mtu mzima yanayoshuka bila sauti. Etiye alikuwa mbele yake, hatua chache tu, amejifunga mshipi wa msiba kiunoni. Akainua uso, akamwona. Yule bwana naye akamwona. Pembeni ya yule bwana walikuwa wameketi watu wawili wa ofisini kwake, jamaa wa ukoo wa Mekbib. Hakuinuka. Etiye akainamisha uso. Baada ya muda yule bwana akasimama, akaenda zake.

"Yule nani?" Tiringo akauliza.

"Sijui," Etiye akasema.

"Etiye, yule mtu anamlilia nani kama hakumjua Mekbib?"

"Nimekwambia sijui." Na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa marehemu mwenyewe. Ingetosha akumbatiwe basi, mara moja tu, na mtu ambaye alikaa naye misimu miwili akimtoa shimoni. Walikuwa chini ya turubai moja, naye akabaki hana mtu.

Baada ya hapo aliishi peke yake. Ermiyas alimwita Toronto, akakataa, akasema huko nako atafundishwa upya kutosalimu. Wateja waliendelea kuja. Wakiondoka aliosha vikombe viwili. Jioni alikula amesimama jikoni, mkate na chai, maana sinia la injera kwa mtu mmoja aliliona kama matusi.

Mwaka 2014 figo zilianza kumwangusha. Akawa wa kwenda kusafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, na Tiringo ndiye aliyempeleka. Mwezi wa Tahsas mwaka huu akalazwa. Wagonjwa wengine walijaa wageni mpaka wauguzi wakagomba. Kitandani kwa Etiye alikuwepo Tiringo na mfuko wake wa pamba ya kusokota. Akina mama wa vitanda vya jirani walimwonea huruma, wakamkatia matonge, naye akala kwa adabu.

Siku moja, saa ya wageni, mlangoni akatokea yule bwana wa koti, mvi zimemjaa, mkononi chombo cha chakula. Muuguzi akamuuliza anamtafuta nani. "Samahani," akasema, "nadhani nimekosea wodi." Lakini hakutoka. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha Etiye, akafungua chombo, kuku wa mchuzi mwekundu kwa injera, akanawa mikono. Akakata tonge, akalikunja vizuri, akamlisha. Etiye akafungua kinywa kama kinda. Akamlisha la pili, maana kwetu tonge moja huleta ugomvi, na la tatu. Hawakusemezana hata neno. Akafunga chombo, akasema tena, "Samahani, nimekosea wodi," akaondoka. Daktari alikuwa amekataza chumvi na pilipili. Tiringo aliona, akaacha alishwe.

Alimkimbilia yule bwana kwenye ngazi.

"Baba, simama. Nimekuona msibani kwa Mekbib."

"Ulinifananisha, dada."

"Sikukufananisha. Sitaki jina. Niambie tu alikufanyia nini."

Yule bwana akashika mbao za ngazi, akasema, "Aliniuliza nani ananilisha tonge kazini. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza, wewe unamlisha nani? Nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika, nikasema huyu mama ananila pesa bure. Kesho yake mchana nikaenda kwa mlinzi wa geti, nikaketi kwenye benchi lake, nikamlisha. Alidhani namfukuza kazi." Akacheka kidogo, akafuta macho. "Sasa hivi nikikosa siku moja kwenye lile benchi wananitafuta. Dada, mimi nilikuwa nimeshanunua kamba."

Ruhusa ya kuyasema haya alitoa mwenyewe palepale, ila jina aliomba limbakie. Limembakia.

Tiringo aliporudi alimkuta Etiye analia, midomo bado ina mchuzi. Ndipo Etiye akauliza lile swali ambalo wasifu huu umelibeba tangu mwanzo. "Tiringo, unadhani yuko mtu atakayesema mbele za watu kwamba alinijua?"

"Waite. Waandikie."

"Siwezi. Si mali yangu."

"Basi nipe mimi majina, niwaite mimi."

"Wewe? Mdomo wako unavuja kama bati la shangazi."

"Hata ukifa hutaniambia?"

"Hata nikifa." Akavuta pumzi. "Ila wao wenyewe wakitaka, usiwazuie. Na usiwaulize kitu."

Etiye alifariki Ijumaa tarehe 22 Yekatit, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Alikuwa usingizini. Tiringo alikuwa ameshika mguu wake juu ya blanketi, maana mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Jana, turubai likiwa linatandazwa, Weyzero Bafena alikuja na kusimama jikoni kwa marehemu. Alitazama vikombe rafuni, vile viwili vilivyochakaa na vile vingine vyote vipya kama vya dukani.

"Sasa ameshakufa," akasema. "Niambie, alikuwa anakunywa na nani?"

"Sijui, Bafena."

"Tiringo, mimi na wewe tumezeeka. Niambie."

"Haki ya Mungu sijui. Hata mimi hakuniambia."

"Hata wewe mdogo wake?"

"Hata mimi."

Bafena akavuta kigoda cha Etiye, akakikalia, akajifunika uso kwa mtandio. "Basi alikuwa peke yake kweli," akasema. Alikaa hapo mpaka jua likahama dirishani. Kisha akaenda kwake akarudi na jiko lake la mkaa, kikaango chake na kilo ya buni, akavipanga uani.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Ermiyas Mekbib, aliyewasili jana jioni, na mkewe Hirut, na wajukuu wawili, Lulit na Kaleb, ambao bibi yao waliyemjua ni wa kwenye simu. Ameacha wadogo watatu, Shiferaw, Aynalem na Tiringo. Ameacha ukuta mmoja na jirani yake Bafena. Na ameacha watu wengine ambao familia haiwajui, hawajuani wao kwa wao, na wameketi humu sasa hivi mmojammoja, kila mtu akidhani yuko peke yake. Familia inawatambua nyote. Nyinyi ni wafiwa kama sisi.

Kwenu, na kwenu peke yenu, maneno haya. Sharti lake mnalijua: yeye haanzi. Alilishika kwenye harusi, kanisani, sokoni, na kwenye matanga ya mumewe. Leo hawezi kuanza hata angetaka. Jeneza likiinuliwa litapita katikati ya viti hivi, polepole, Ermiyas amekwisha waomba wabebaji wasiwe na haraka. Anayeweza kusimama na kumwita jina lake, asimame, amwite, amsalimu kama mtu anavyosalimiwa kwetu, amuulize ameamkaje. Asiyeweza, ana kazi yake na mambo yake, asijilaumu. Ainamishe kichwa tu Etiye akipita. Hapa watu wote watakuwa wameinamisha vichwa, na hakuna atakayejua ni nani anayesalimu na ni nani anayeomboleza. Yeye atajua.

Baada ya maziko kahawa itakaangwa nyumbani Gulele, mizunguko yote mitatu, na anayeikaanga ni Bafena. Mlango wa mbele utakuwa wazi. Na wa nyuma pia.

Mungu ampumzishe kwa amani kifuani kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, ambako kila anayeingia, wenyeji humwanza wao.